Nguruwe Mdogo wa Kienyeji na Adui Zake

Mkulima wa Machakos mwenye ekari mbili au tatu hana haja ya nguruwe mkubwa. Nguruwe mweupe wa asili ya Uingereza, aitwaye Large White, hukua upesi na kuzaa watoto wengi, lakini hutaka chakula kingi cha kununuliwa, na ngozi yake huungua kwa jua. Nguruwe mdogo mweusi wa kienyeji hukua polepole. Hata hivyo hutosheka na mabaki ya shamba, na jua halimsumbui sana.

Banda lijengwe mahali palipoinuka, penye kivuli, maana nguruwe hatoki jasho la kutosha kujipoza. Jike anyonyeshaye aweza kunywa debe zima la maji kwa siku. Kwa hiyo, katika nchi ya ukame kama Ukambani, hesabu ya maji itangulie hesabu ya nguruwe. Yule atekaye maji mbali na aanze na jike mmoja tu.

Chakula ni majani ya viazi vitamu, maboga, pumba, na maembe yaangukayo wakati wa msimu. Lakini majani na matunda peke yake hayajengi mwili. Yafaa kuongeza kunde zilizochemshwa, mashudu au dagaa. Mahindi yaliyoota kuvu asipewe kamwe. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu zaidi ya mia moja katika Ukambani, hasa Makueni na Kitui, na sumu hiyo humdhuru nguruwe pia.

Mimba huchukua siku 114, yaani miezi mitatu, majuma matatu na siku tatu. Kabla ya siku hiyo, funga fito imara kuzunguka ukuta wa ndani, shubiri moja kutoka sakafuni na shubiri moja kutoka ukutani, ili mama akijilaza watoto wapate pa kukimbilia. Wengi hufa kwa kulaliwa kuliko kwa maradhi. Wakilelewa juu ya saruji, watie udongo safi uliochimbwa chini, kwa kuwa maziwa ya mama hayana madini ya chuma ya kutosha.

Nguruwe asiachwe kuzurura. Sababu moja ni adabu, maana majirani wengine ni Waislamu au Wasabato. Sababu ya pili ni tegu. Nguruwe akila kinyesi cha mtu mwenye tegu, nyama yake huingia vilengelenge vyeupe. Naye alaye nyama hiyo bila kuiva hupata tegu. Tena mayai ya tegu, yakiingia kinywani kwa mikono michafu, yaweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Nyumba yenye nguruwe bila choo haina haki ya kulaumu wachawi.

Lakini adui mkubwa ni homa ya nguruwe ya Afrika. Daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery aliieleza mwaka 1921, baada ya kuona nguruwe wa walowezi wa Kenya wakifa karibu wote. Ngiri huwa na ugonjwa huu bila kuugua, na papasi wakaao katika mashimo yake huusambaza. Ugonjwa uliotoka Afrika ulifika Georgia mwaka 2007, na China mwaka 2018. Hauna dawa. Mnyama hupata homa kali, huacha kula, masikio na tumbo huwa mekundu au zambarau, kisha hufa kwa siku chache. Mtu haambukizwi.

Hapa ndipo jaribu lilipo. Mwenye nguruwe sita, akiona mmoja ameugua, hutaka kuwauza watano waliobaki kabla ya jioni ili asipoteze karo ya watoto. Mchinjaji huwanunua kwa bei ndogo, nyama huenda sokoni, na mabaki yake hutupwa katika mabanda ya wengine. Kwa njia hiyo kijiji kizima hufilisika. Sheria yataka daktari wa mifugo aarifiwe mara moja, na mnyama yeyote asiondoke. Dume wa kuazima asiingie, na mabaki ya jikoni au ya hoteli yachemshwe nusu saa. Waliokufa wazikwe chini sana, mbwa wasiwafukue. Banda la udongo lenye nyufa lichomwe moto, kwa maana papasi aweza kuishi miaka bila kula.