Hao Wakenya wanakimbia mbio gani?

SWALI: Shangazi, nina miaka 19 na nilimaliza kidato cha nne mwaka jana. Hukimbia mita 100 kwa sekunde 10.7. Makocha wawili wa Marekani wameniandikia. Mmoja ni wa chuo kikuu maarufu chenye Wakenya wengi, lakini kitanilipia nusu tu. Mwingine ni wa chuo kidogo cha miaka miwili huko Texas, kitakacholipa karibu kila kitu. Mjomba anataka niende kwenye jina kubwa, hata kama ni kuuza ng'ombe. Nifanyeje?
Mtimkaji, Masara

JIBU: Mwambie mjomba ng'ombe wabaki zizini kwanza.

Hao Wakenya wanakimbia mbio gani? Nakisia ni mita 5,000, 10,000 na mbio za nyika. Hizo ndizo Wamarekani wamezoea kututafutia, tangu enzi za Henry Rono wa Washington State aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978. Kocha wao anaweza kuwa hodari na bado asijue kumfundisha mtu kuchomoka bastola inapolia. Fungua matokeo ya vyuo vyote viwili, uwatafute watimkaji walioingia miaka mitatu iliyopita. Muda wao umeshuka? Wangapi wametoweka kwa majeraha ya paja? Yupo kocha wa mbio fupi pekee? Umaarufu wa chuo haukimbii.

Julius Sang na Robert Ouko walisoma North Carolina Central, chuo ambacho wengi wetu hatukijui, chini ya kocha LeRoy Walker. Mwaka 1972 kule Munich, wakiwa na Charles Asati na Hezahiah Nyamau, walitwaa dhahabu ya mita 400 kupokezana vijiti.

Hiyo 10.7 yako, ilipimwa kwa saa ya mkononi? Basi ongeza 0.24, upate 10.94. Mweleze kocha ukweli huo sasa, asije akaushtukia ukiwa umeshafika.

Kubaki nyumbani nako si aibu: Ferdinand Omanyala alisoma Chuo Kikuu cha Nairobi, na rekodi yake ya Afrika, 9.77, aliiweka Kasarani mwaka 2021.

Kati ya nafasi hizo mbili za Marekani, mimi naegemea Texas, mradi wakuhakikishie kwamba ufadhili hautakatwa ukiumia, na kwamba vyuo vikuu vitayatambua masomo yako ukihama. Uliza kwa barua pepe, majibu yabaki kwa maandishi.