Sanamu ya Udongo Iliyovunjika Ikaungwa

Mkatekumeni aliyeacha hirizi na mizimu huweza kuuliza: «Mbona kanisani mna sanamu? Nayo ikianguka na kuvunjika, je, ni laana?» Jambo lililotokea katika nchi ya Brazili mwaka 1978 lamjibu.

1. Sanamu yenyewe

Mwaka 1717 wavuvi watatu, Domingos Garcia, Filipe Pedroso na João Alves, walikuwa wakivua katika mto Paraíba, wasipate kitu. Wavu ukapandisha kiwiliwili cha sanamu ya Bikira Maria, pasipo kichwa. Walipoutupa tena, wakapata na kichwa. Yasimuliwa kwamba baadaye walipata samaki wengi.

Sanamu hiyo ni ya udongo uliochomwa motoni kama chungu, na urefu wake ni karibu sentimeta 36 tu. Watu walianza kusali mbele yake nyumbani kwa mvuvi; kisha pakajengwa kanisa. Bikira Maria akaitwa hapo Aparecida, maana yake «Aliyeonekana». Mwaka 1930 Papa Pio XI alimtangaza kuwa msimamizi wa Brazili.

2. Jinsi ilivyovunjika

Jioni ya tarehe 16 Mei 1978 kijana mmoja aliingia kanisani akaitwaa sanamu kwa nguvu. Katika kukimbizana ikaanguka, ikavunjika vipande zaidi ya mia moja. Sehemu nyingine zikasagika kuwa unga. Kichwa ndicho kilichoharibika zaidi. Waamini wakalia.

Je, Mama wa Mungu aliumia siku ile? Hata kidogo. Yeye yu mbinguni pamoja na Mwanawe. Kilichovunjika ni udongo.

3. Jinsi ilivyoungwa

Vipande vilikusanywa, vikapelekwa kwenye makumbusho ya sanaa ya mji wa São Paulo. Kazi akapewa mama mmoja fundi, Maria Helena Chartuni, naye akaimaliza kwa siku 33.

Kazi ya namna hiyo haitaki haraka. Kwanza fundi hukusanya hata chembe ndogo, kwa kuwa chembe moja ikipotea, pengo hubaki. Huzisafisha, kisha huzipanga bila gundi, ili ajue kila kipande mahali pake. Ndipo hugundisha kimoja kimoja, akingoja gundi ikauke; kwani kipande cha kwanza kikikaa upande, vyote vinavyofuata hukaa upande. Mwisho huziba mapengo na kuyapaka rangi.

Tarehe 19 Agosti 1978 sanamu ilirudishwa Aparecida, na makundi ya watu wakaipokea kwa furaha.

4. Mafundisho

Mwenye hirizi husadiki kwamba nguvu imo ndani ya kile kitu. Kikivunjika, huogopa, hukitupa, huenda kwa mganga kutafuta kingine. Wakristo wa Brazili hawakufanya hivyo. Sala zao hazikukoma siku zile sanamu ilipokuwa vipande mezani pa fundi, kwa sababu hawakuuomba udongo. Walimwomba Maria awaombee kwa Mungu.

Basi, kwa nini walihangaika kuiunga? Mtoto mwema akiona picha ya mama yake imepasuka, haitupi jalalani, ijapokuwa ajua kwamba karatasi si mama. Huitengeneza kwa sababu ya upendo. Ndivyo ulivyofundisha Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787: heshima ipewayo sanamu humwendea yule anayeonyeshwa nayo, lakini kuabudu ni kwa Mungu peke yake.

Kwa hiyo sanamu ya kanisa la kijijini ikivunjika, mtu asiogope wala asimtafute aliyeroga. Vipande vyote vikusanywe katika kitambaa safi, hata vilivyo vidogo, vikabidhiwe kwa katekista au padri.

Maswali

Je, nguvu ya Mungu imefungwa ndani ya sanamu?
Hapana. Sanamu ni ukumbusho tu.

Sanamu ikivunjika, je, ni alama ya laana?
Hapana. Udongo huvunjika kama udongo wote.

Kwa nini Wakristo huitengeneza?
Kwa heshima na upendo kwa yule anayeonyeshwa nayo.

Ni nani apasaye kuabudiwa?
Mungu peke yake.