JOTO LA HEWA AU JOTO LA BATI?

Mwezi wa Februari nilifunga kipimajoto ukutani kwenye roshani yetu hapa Kizingo, chini ya bati. Saa nane mchana kikasoma digrii 38. Kesho yake nikatangaza darasani kwa maringo, kumbe redio ilikuwa imesema 33! Nilichekwa wiki nzima. Bibi alipopata habari aliniambia, "Mjukuu wangu, wewe umepima bati, hukupima hewa."

Nilikasirika, lakini bibi alisema kweli. Kipimajoto huonyesha joto lake chenyewe tu. Jua likikipiga, au ukuta ukikirushia joto, hakina namna ya kutwambia kwamba hewa yenyewe ni baridi zaidi. Ndiyo sababu Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa huko Scotland, alibuni kisanduku chake mwaka 1864. Kimepakwa rangi nyeupe ili kirudishe jua, kinasimama juu ya majani kiasi cha mita moja na robo hadi mbili, na kuta zake ni vibao vya mshazari kama madirisha ya Mji wa Kale: upepo unapita, jua halipiti. Huko Ulaya mlango wake huelekezwa kaskazini. Kwetu sisi mambo ni magumu kidogo, maana mwezi wa Juni jua la mchana liko kaskazini na Disemba liko kusini. Kwa hivyo karibu na ikweta hushauriwa kiwe na milango miwili.

Sasa unyevu. Ndani ya kisanduku mna vipimajoto viwili vilivyo sawa, ila kimoja kimevishwa kitambaa chenye maji. Hebu fikiria mtungi wa bibi: maji hupenya udongo, yanakauka nje, na yale ya ndani yanapoa. Kile cha majimaji hupoa vivyo hivyo. Hewa ikiwa kavu kinapoa sana, ikiwa imeshiba mvuke hakipoi kabisa. Tuseme kikavu kinasoma 30 na cha maji 26. Ukitazama jedwali utapata unyevu wa kama asilimia 72. Ndio maana jasho letu halikauki!

Hapa pwani kuna adui mwingine, chumvi ya bahari. Ikiganda kwenye kitambaa maji hayakauki vizuri, basi unyevu unaonekana mwingi kuliko ulivyo. Lazima kitambaa kibadilishwe mara kwa mara, na maji yawe yaliyotoneshwa, si ya mfereji.

Siku hizi vituo vingi vinatumia vyombo vya umeme. Waya mwembamba wa platinamu hubadilika ukinzani wake kwa joto, na kompyuta inaandika. Tena Mkataba wa Minamata unataka nchi wanachama ziache kutengeneza na kuagiza vipimajoto vya zebaki baada ya mwaka 2020.

Kuna jambo moja nataka kuungama. Sisi wa kutwa hatuji shuleni Jumamosi na Jumapili, na katika daftari la klabu mimi nilikuwa najaza siku hizo Jumatatu asubuhi, kwa kukisia. Mwalimu aligundua kwa sababu Jumapili zangu zote zilikuwa 31. Nimezikata kwa wino mwekundu, na tangu muhula wa pili mistari hiyo tunaiacha mitupu.