Swali la Kijana: Ni Nani Aliyemuumba Mungu?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu Waislamu, somo letu la safari hii limetokana na jambo lililotokea mbele ya macho yetu, nalo limetukosesha raha tangu siku ile. Tulikuwa tumeketi msikitini baina ya Magharibi na Isha, tukisomesha sifa za Mwenyezi Mungu. Tulipofika katika sifa ya kuwako, kijana mmoja wa mtaani petu, aliyekuwa amerudi likizo kutoka chuo kikuu, aliinua mkono akasema kwa adabu: "Sheikh, mwatwambia kila kitu kina muumba wake. Basi Mungu naye aliumbwa na nani?" Kabla hatujafungua kinywa, mzee mmoja alimkemea, akamwambia hilo ni neno la kufuru, na atubu au atoke. Kijana akainuka, akachukua viatu vyake, akatoka. Nasi, tuliokuwa na wajibu wa kujibu, tulinyamaza, kisha tukaendelea na somo kana kwamba hapana lililotokea.

Tangu usiku ule kijana huyo hajaonekana darasani. Kwa hivyo twaandika haya kwanza kwa kukiri kosa letu, na pili kwa kumjibu yeye na wenzake, maana wenye swali kama lake ni wengi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2016 jumuiya ya watu wasioamini kuwako kwa Mungu iliandikishwa kisheria hapa hapa Kenya, na maneno ya wakanaji huwafikia watoto wetu katika simu zao usiku na mchana. Asiyejibiwa msikitini ataitafuta jawabu kwingine, na huko hatakosa wa kumjibu.

Je, kuuliza ni kufuru?

La, si kufuru. Nabii Ibrahim (a.s.) alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyowafufua wafu. Alipoulizwa kama hakuamini, alijibu kuwa ameamini, lakini ataka moyo wake utulie. Habari hii imo katika Suratul Baqara, aya ya 260, nayo yatuonyesha kuwa Mwenyezi Mungu hakumfukuza, bali alimpa alichokitaka. Na katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa baadhi ya masahaba walimjia Mtume (s.a.w.) wakamshitakia kuwa hupitiwa na mawazo nafsini mwao ambayo huona ni makubwa mno kuyatamka. Mtume hakuwakemea, bali aliwaambia kwamba huko kuchukizwa kwao nayo ndiyo imani iliyo wazi.

Tena tumtazame Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ambaye vitabu vyake twavisomesha kila mwaka. Yeye mwenyewe amesimulia katika kitabu chake Al-Munqidh kwamba shaka ilimshika karibu miezi miwili, hata asiamini yale ayaonayo kwa macho yake, mpaka Mwenyezi Mungu alipomtia nuru kifuani akapona. Lau angefukuzwa na wazee wa zama zake, umma ungalipata hasara gani?

Swali lenyewe ni la zamani

Wanaokanusha si watu wa leo. Qur'ani imewataja, katika Suratul Jathiya, wale waliodai kuwa hapana ila uhai huu wa dunia, na kwamba hapana kinachowaangamiza ila dahari. Ndipo wanavyuoni wetu wakawaita Dahriya. Ama katika zama za karibu, aliyeeneza swali hili sana ni mwanafalsafa wa Uingereza Bertrand Russell. Katika hotuba aliyoitoa London mwaka 1927 alieleza kwamba alikubali hoja ya chanzo cha kwanza mpaka alipofika umri wa miaka 18. Hapo alisoma maisha ya John Stuart Mill, akakuta kuwa babaye Mill alimfunza mwanawe kuwa swali la nani aliyetuumba halina jawabu, kwa kuwa mara moja huzaa swali jingine, la nani aliyemuumba Mungu. Russell aliona maneno hayo yatosha kuivunja hoja nzima. Angalieni, ndugu zetu: swali lililomtoa mtu huyo katika hoja ile ni lile lile lililoulizwa msikitini petu.

Jawabu

Kwanza yatupasa tujisahihishe wenyewe. Kijana alisema tumewafunza kuwa kila kitu kina muumba, na haki ni yake, kwani ndivyo tulivyozoea kusema kwa kufupisha. Lakini sivyo wanavyosema wanavyuoni. Wao husema: kila kilichozuka, yaani kilichokuwa hakipo kisha kikawa, hakina budi kuwa na aliyekizua. Tofauti ya maneno haya mawili ni kubwa. La kwanza humwingiza Mungu ndani yake, likajivunja lenyewe. La pili halimwingizi, kwa sababu Yeye hakuzuka. Kwa hivyo kosa lilikuwa katika ufundishaji wetu, na kijana aliliona kabla yetu.

Sasa huenda mtu akasema: kwa nini tusimame kwa Mungu? Kwa nini mfululizo huu wa vyanzo usiendelee bila mwisho? Tutapiga mfano. Mtu wa pwani ataka kwenda kuvua, naye hana ngalawa, akaenda kuazima kwa jirani. Jirani akamwambia: "Mimi pia sina, ngoja nikuazimie kwa mwenzangu." Huyo mwenziwe naye hana, amwendea mwingine, na huyo mwingine vile vile. Ikiwa kila mmoja katika safu hiyo hana ngalawa ila ya kuazima, je, ngalawa itafika pwani? Haitafika kabisa, hata safu hiyo ikiwa ndefu isiyo na mwisho. Basi ukiiona ngalawa ipo majini, wajua kwa yakini kwamba yuko mmoja aliyekuwa nayo kwa milki yake, hakuiazima kwa mtu.

Hivyo ndivyo kulivyo kuwako kwa vitu. Sisi hatukujipa kuwako, bali tumekupata kwa wazee wetu, nao kwa wazee wao. Na ardhi, na mvua, na jua, vyote vimekuwako kwa sababu ya vinginevyo. Kuwako kwa vyote hivi ni kwa kuazima. Na kwa kuwa vipo, hapana budi awepo ambaye kuwako kwake ni kwa dhati yake. Huyo ndiye ambaye Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037), alimwita Wajibul Wujud, yaani ambaye hapana budi awepo. Kuuliza huyu aliumbwa na nani ni sawa na kumuuliza mwenye ngalawa aliiazima kwa nani. Ameshasema ni yake.

Mwaka 1948 Russell alijadiliana katika redio ya BBC na padri wa Kikatoliki, Frederick Copleston, ambaye aliitegemea hoja ya namna hii. Russell alijibu kwamba kila mtu ana mama, lakini haifuati kuwa wanadamu wote kwa jumla wana mama. Na vivyo hivyo, kila kitu kuwa na sababu hakuulazimu ulimwengu mzima uwe na sababu. Jawabu hili si la kudharauliwa, kwani ni kweli jumla huweza kukosa sifa ya sehemu zake: kila jiwe la ukuta laweza kuinuliwa kwa mkono mmoja, na ukuta mzima hauinuki. Lakini ziko sifa ambazo mkusanyiko hauzibadili. Wakikusanyika maskini elfu, na kila mmoja wao hana hata senti, mfuko wao wote pia hauna hata senti. Ufukara wa kuwako ni wa namna hii ya pili. Ukivikusanya vyote vilivyoazima kuwako, bado hujampata mwenye mali.

Na akisema mkanaji: huenda huyo mwenye mali ni ulimwengu wenyewe, twamjibu kwa hoja ya Nabii Ibrahim iliyo katika Suratul An'am. Aliitazama nyota, kisha mwezi, kisha jua, na kila kimoja kilipotua alikikataa. Chenye kutua, na kubadilika, na kuendeshwa, hakijimiliki, na kisichojimiliki hakiwezi kuwa mwenye kuwako kwa dhati yake. Ulimwengu wote ni wa kubadilika, hapana sehemu yake iliyosimama pale pale.

Ndipo tukafahamu Hadithi iliyo katika Sahihi mbili, kwamba Shetani humjia mmoja wetu akamuuliza nani aliyeumba hiki na kile, mpaka amuulize nani aliyemuumba Mola wake; na afikapo hapo, mtu ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na akome. Wengine hudhani maana yake ni kuwa akili imekatazwa. Sivyo. Maana yake ni kuwa swali limefika mwisho wake, na anayezidi kuuliza hapo atafuta kisichokuwapo.

Mambo mawili ya kuhadhari

La kwanza, tusitumie hoja mbovu kuitetea haki. Wako wanaosambaza picha za samaki na mawingu wakidai jina la Mwenyezi Mungu limeandikwa juu yake. Kijana akigundua kwamba picha ni ya uongo, hukanusha na yaliyo ya kweli. Vivyo hivyo tusiifunge Qur'ani kwa nadharia za elimu ya nyota. Ni kweli kwamba mwaka 1929 Edwin Hubble alionyesha kuwa makundi ya nyota yaliyo mbali yanazidi kutengana nasi, na kwamba mwaka 1965 Penzias na Wilson walitangaza mnururisho ulioenea mbinguni pande zote, uliosalia tangu zama za mwanzo za ulimwengu. Wataalamu leo hukadiria kuwa kutanuka huko kulianza kiasi cha miaka milioni 13,800 iliyopita. Haya yaafikiana na itikadi yetu kuwa ulimwengu umezuka, nasi twayafurahia. Lakini elimu hiyo haijadai kujua yaliyokuwa kabla ya hapo, na hoja yetu haikuanza mwaka 1929. Msingi wetu ni ule wa Suratut Tur, inayowauliza wakanaji kama wao waliumbwa pasipo na kitu, au ni wao waliojiumba. Jubair bin Mut'im aliisikia sura hiyo ikisomwa na Mtume (s.a.w.) katika sala ya Magharibi, naye wakati huo bado ni mshirikina, na amesema moyo wake ulikaribia kuruka.

La pili, hoja hizi zina mpaka. Zatufikisha kujua kuwa yuko Muumba, hazitufikishi kumjua jinsi ya kumwabudu. Hayo ni kazi ya wahyi na Mitume. Na mara nyingi mtu hakanushi kwa kushindwa na hoja, bali kwa msiba uliomfika, au kwa dhuluma aliyotendewa na mtu aliyevaa kilemba. Huyo hahitaji mantiki. Ahitaji nduguye aketi naye.

Wasia wetu

Enyi walimu, Suratun Nahl imetuamrisha tuite kwa hekima na mawaidha mema, na tujadiliane kwa njia iliyo bora. Asiyejua jawabu na aseme, "Sijui, nitakutazamia." Neno hilo halimpunguzii sheikh heshima yake. Enyi wazazi, msiwapige watoto kwa maswali yao; mtoto apigwaye kwa kuuliza huacha kuuliza, haachi kufikiri.

Na wewe kijana uliyetoka usiku ule: swali lako lilikuwa la haki, na adabu yako ilikuwa bora kuliko kunyamaza kwetu. Twakuomba radhi. Ukiona jawabu letu lina upungufu, njoo utwambie. Darasa lipo pale pale, baina ya Magharibi na Isha, na safari hii hatutanyamaza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki na atupe kuifuata. Wabillahi-t-tawfiq.