Kompyuta ya Kwantamu ni Kitu Gani?



Muhula uliopita, katika mkutano wa Chama chetu cha Sayansi, nilisimama nikawaambia ndugu zetu wa kidato cha kwanza kwamba kompyuta ya kwantamu hujaribu majibu yote kwa mara moja, kisha hutoa lile lililo sahihi. Walinipigia makofi sana. Baadaye Mwalimu wetu wa Fizikia aliniita kando akaniuliza, "Ikiwa majibu yote yamo, mashine hulijuaje lililo sahihi?" Sikuwa na la kusema. Makala hii ndiyo jawabu langu, nami nawaomba radhi wale niliowapotosha.

Kompyuta ya kawaida huandika kila kitu, ikiwa barua, picha au hesabu, kwa biti. Biti ni kama swichi ya taa: ama imezimwa, nayo huitwa 0, ama imewashwa, nayo huitwa 1. Katika kompyuta ya kwantamu mna kubiti. Kubiti yaweza kutengenezwa kwa atomu moja, au kwa saketi ndogo iliyopozwa hata ikakaribia nyuzi 273 chini ya sifuri. Hiyo yaweza kuwa na sehemu ya 0 na sehemu ya 1 pamoja, na kila sehemu ina uzito wake. Uzidishe uzito kwa uzito uo huo, nawe utapata uwezekano wa kuliona jibu hilo utakapopima. Lakini uzito wenyewe waweza kuwa hasi, na hapo ndipo penye siri yote.

Chukua kalamu na karatasi. Kubiti yetu iko katika 0. Tuipitishe katika lango liitwalo la Hadamard. Hutoka na uzito wa 1/√2 upande wa 0, na 1/√2 upande wa 1. Ukipima sasa, uwezekano ni nusu kwa nusu, sawasawa na kurusha shilingi. Basi usipime, ipitishe langoni mara ya pili. Sehemu ya 0 hugawanyika kama kwanza. Sehemu ya 1 nayo hugawanyika, ila upande wake wa 1 hutoka na alama ya kutoa. Jumlisha: upande wa 0 ni 1/2 + 1/2 = 1, na upande wa 1 ni 1/2 − 1/2 = 0. Kubiti imerudi 0 bila shaka yoyote! Shilingi iliyorushwa mara mbili haifanyi hivyo abadani.

Ni kama mawimbi ya maji: kilele cha moja kikikutana na bonde la jingine, maji hutulia. Kazi ya mtunga programu ni kupanga hesabu hata njia za majibu ya makosa zifutane, na za jibu sahihi ziongezane. Mpango wa namna hiyo umepatikana kwa maswali machache tu, wala si kwa kila swali.

Nilipompelekea Mwalimu karatasi yangu aliisoma, akauliza tena, "Na ukipima katikati?" Nililala na swali hilo. Ukipima katikati, kubiti hubaki 0 tu au 1 tu, na lango la pili litakupa nusu kwa nusu. Hesabu imeharibika. Nayo joto kidogo au mtikisiko hufanya kama aliyechungulia. Ndiyo sababu mashine hizi hukosea mno.

Bwana Richard Feynman wa Marekani alitoa shauri la mashine ya namna hii mwaka 1981. Mwaka 1994 Bwana Peter Shor alionyesha jinsi ingeweza kutafuta namba tasa zilizozidishwa kufanya namba kubwa. Jambo hili si dogo. Jioni moja katika prepo niliwapa wenzangu 8,633. Kuzidisha 89 kwa 97 ni kazi ya dakika moja. Kuzitafuta hizo mbili kuliwashughulisha hata kengele ikalia. Siri nyingi za benki na za intaneti hufungwa kwa ugumu huo, kwa namba zenye tarakimu zaidi ya 600.

Mwaka 2001 kubiti 7 zilifaulu kugawa 15 kuwa 3 na 5. Wako wanaocheka, mimi sicheki. Mwaka 2019 kampuni ya Google, kwa kubiti 53, ilisema imefanya kwa sekunde 200 hesabu ya miaka 10,000. IBM wakabisha, wakisema kompyuta kubwa ya kawaida ingeimaliza kwa siku mbili na nusu. Mimi naona habari ya Desemba 2024 ni kubwa zaidi, ingawa haikuvuma vile: Google walionyesha kwamba kubiti nyingi zikipangwa kulinda moja, makosa hupungua badala ya kuongezeka.

Wazazi wasihofu kwa ajili ya fedha zao. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani ilitoa kanuni mpya za kufungia siri, zisizotegemea namba tasa, na kazi ya kubadilisha kufuli imekwisha kuanza.

Kidato cha kwanza, tukutane Ijumaa saa kumi maabara. Njooni na kalamu, tuipitishe kubiti langoni mara tatu.