Watu Wakisema: Kupokea Lawama Tunapoandaa Mashindano ya Gemu



Zamani kikundi cha vijana kikitaka kuwaleta watu pamoja kiliandaa mpira au darafti. Siku hizi vijana wengi wanaomba mashindano ya gemu, yaani ile michezo ya video inayochezwa kwenye TV au kwenye simu. Kazi yenyewe si ngumu sana: TV mbili tatu, ukumbi, stima na zawadi. Ugumu huanza siku tangazo linapobandikwa sokoni. Kabla jua halijatua utasikia: "Hiyo ni kamari." "Watoto watatoroka shule." "Wanafundishwa kupiga watu risasi." "Na pesa, nani atazihesabu?"

Hapo vikundi vingi hufanya kosa moja kati ya mawili. Wengine hukasirika, wakasema watu wana wivu. Wengine huogopa, wakafuta kila kitu kimyakimya. Njia zote mbili huharibu jina la kikundi, na jina hilo ndilo tutakalolihitaji siku ya harambee ya kisima au ya zahanati. Katika somo hili tutafute njia nyingine. Kwanza tutazame mambo matatu yaliyowapata waandaaji wakubwa wa nchi za nje, halafu turudi kwetu.

1. LAWAMA JUU YA KANUNI

Mwezi wa Julai 2014, huko Finland, yalitangazwa mashindano ya kuchagua wachezaji wa Hearthstone, mchezo wa karata unaochezwa kwa kompyuta. Washindi wangekwenda mashindano ya dunia mjini Baku, Azerbaijan. Tangazo lilisema ni wanaume tu. Watu wakauliza: karata hizi hazitaki nguvu za mwili, kwa nini mwanamke azuiwe? Shirikisho la kimataifa, IeSF, kwanza lilijitetea. Lilisema linataka michezo ya kompyuta ikubaliwe kama michezo mingine. Lakini jibu hilo halikujibu swali, na lawama zikazidi. Baada ya muda mfupi tu shirikisho likageuza kanuni: mashindano ya wanaume yakawa ya watu wote, na ya wanawake yakaendelea kuwako.

Tunajifunza nini? Mtu akilaumu kanuni yetu, tujaribu kumweleza sababu yake kwa sentensi moja. Ikitushinda, basi pengine kanuni ndiyo mbaya. Tuibadilishe mapema, na hakuna aibu.

2. LAWAMA JUU YA UAMUZI

Mwezi wa Oktoba 2019 mchezaji mmoja wa Hong Kong, anayejulikana kama Blitzchung, alihojiwa baada ya mchezo. Akasema maneno ya kuunga mkono maandamano ya kwao. Kampuni ya Blizzard, yenye mchezo huo, ikamnyima pesa za zawadi na kumfungia mwaka mmoja. Ilitumia kanuni iliyoipa kampuni peke yake uwezo wa kuamua ni tendo gani linaleta aibu. Watu wengi walikasirika, hata baadhi ya wafanyakazi wa kampuni yenyewe. Siku chache baadaye pesa zilirudishwa na adhabu ikapunguzwa kuwa miezi 6. Tarehe 1 Novemba mkuu wa kampuni, J. Allen Brack, alisimama mbele ya umati huko Anaheim, California, akaomba radhi. Alikiri kwamba walikuwa wepesi kuamua na wazito kuzungumza na watu. Hata hivyo adhabu ya miezi 6 ilibaki, na wengi hawakuridhika.

Hapa kuna mafunzo mawili. Kwanza, kanuni inayosema "kamati itaamua inavyoona" si kanuni. Ni mlango wa ugomvi. Pili, usimwadhibu mtu siku ileile ya hasira. Kamati ikae, imsikilize, ndipo iamue. Lakini ikishaamua isijifiche. Itoke iseme.

3. LAWAMA JUU YA USALAMA WA WATOTO

Mashindano ya Evo yalianza California mwaka wa 1996 kama mkutano mdogo wa wapenzi wa michezo ya kupigana, yakakua hata yakajulikana dunia nzima. Mwaka wa 2020, kwa sababu ya korona, yalipangwa kufanywa kwa njia ya intaneti. Mwanzoni mwa Julai mkuu wao alishutumiwa kwa mwenendo mbaya wa zamani kwa vijana wadogo. Kampuni zenye michezo, kama Capcom na Bandai Namco, zikajiondoa. Waandaaji wenzake wakamtoa, wakafuta mashindano ya mwaka huo na kuahidi kuwarudishia watu pesa zao.

Lawama ya namna hii haijibiwi kwa maneno wala haisubiri mkutano wa mwezi ujao. Mtoto kwanza. Anayetajwa akae kando, habari ipelekwe kwa wanaohusika, na kazi isimame mpaka ukweli ujulikane. Hata kama ni mwenyekiti. Hata kama ndiye aliyetupa TV.

TURUDI KWETU

Sasa tuchukue zile sauti za sokoni moja moja.

"Hiyo ni kamari." Kushindana si kamari, lakini kamari hupenda kukaa karibu na mashindano. Sheria ya Kenya hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 18 kucheza kamari. Kwa hiyo tuandike wazi kwenye tangazo: hakuna kuweka dau, ndani wala nje. Ni vizuri zaidi wachezaji wasitozwe kiingilio, na zawadi ziwe vitu kama mpira au vitabu, vilivyotolewa na wafadhili. Tumweleze chifu mpango wote mapema, kwa barua.

"Watoto wataharibika." Mzazi anayesema hivi si mshamba. Mwaka wa 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Ndani yake mna ugonjwa wa kushindwa kujizuia na michezo ya video. Dalili zake: mtu hawezi kuacha, mchezo unapita shughuli nyingine zote, na anaendelea hata akiona madhara. Kwa kawaida hali hiyo huonekana kwa muda wa miezi 12 hivi. Shirika hilo linasema wanaopatwa ni wachache kati ya wachezaji. Basi tuseme yote mawili: hatari ipo, na si ya kila mtoto. Mashindano yawe siku ya likizo, yaishe kabla ya giza, na mtoto aje kwa ruhusa ya mzazi.

"Wanafundishwa risasi." Si kila gemu ina risasi. Kwenye kifuniko cha gemu nyingi kuna namba 3, 7, 12, 16 au 18. Ni alama ya Ulaya ya kuonyesha umri unaofaa. Tuchague gemu ya mpira au ya magari, tuwaonyeshe wazazi ile namba.

"Na pesa?" Hapa tusilete hotuba, tulete karatasi. Mweka hazina abandike hesabu palepale lilipobandikwa tangazo, ndani ya wiki moja.

JINSI YA KUJIBU

Tuseme mama mmoja amesimama kwenye baraza, analalamika. Jibu baya: "Mama, wewe hujui mambo ya gemu." Ukumbi utacheka, lakini umepoteza nyumba nzima. Jibu zuri: "Mama, asante kwa kusema mbele yetu. Umetaja shule na umetaja pesa. Juu ya shule tumepanga hivi. Juu ya pesa bado hatujakaa. Tutakuletea jibu Alhamisi." Halafu Alhamisi tufike kweli.

Tukumbuke pia:

(a) Mtu mmoja tu aseme kwa niaba ya kikundi. Wakisema watano, yatatoka majibu matano.

(b) Katibu aandike kila lawama, hata ile ya mlevi. Lisemwalo lipo, kama halipo, laja.

(c) Tujibu palepale lawama ilipotoka. Ya sokoni ijibiwe sokoni, ya kanisani kanisani.

(d) Wengine hawataridhika kamwe. Tusiwatukane, tusiwabembeleze. Mlango ubaki wazi.

(e) Tukiona hatuna watu wazima wa kutosha kuwaangalia watoto, tuahirishe na tuseme sababu. Kuahirisha kwa uwazi si kushindwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kazi yetu ya mwisho, ni lawama gani tuliyoipuuza? Je, ilikuwa ya kanuni, ya uamuzi au ya usalama?

2. Ni kanuni gani yetu ambayo hatuwezi kueleza sababu yake?

3. Mmoja wetu akishutumiwa juu ya mtoto, tutafanya nini siku hiyohiyo? Andikeni jibu leo, kabla hamjajua atakuwa nani.