Chakula, Meno na Matibabu ya Saratani: Kinywa cha Mgonjwa Nyumbani

Kapu la kumtazama mgonjwa linajulikana: machungwa, nanasi lililokatwa, juisi ya boksi, soda, biskuti, na pakiti ya glukosi ya "kumpa nguvu". Likipelekwa kwa mtu anayepona malaria, hakuna neno. Likipelekwa kwa mtu aliye katika wiki ya tatu ya mionzi ya kichwa na shingo, karibu kila kilichomo kina madhara. Chungwa na nanasi vitachoma vidonda, biskuti itakwaruza, soda na glukosi zitashambulia meno ambayo hayana tena mate ya kuyakinga. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi huona haya kukataa. Hupokea, huonja, na usiku halali kwa maumivu.

Lakini kwa nini kinywa kiumie hata wakati saratani iko kwenye titi au kwenye damu? Dawa nyingi za tibakemikali, zile za dripu na baadhi ya vidonge, hulenga chembe hai zinazogawanyika haraka. Saratani ndiyo inayolengwa, lakini dawa haina uwezo wa kubagua, na utando wa ndani ya mdomo hujijenga upya takribani kila wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo nao hupigwa. Siku ya 5 hadi ya 10 baada ya dripu, mashavu kwa ndani, ulimi na sakafu ya mdomo huanza kuwasha na kuwa vyekundu; kisha vidonda hujitokeza. Vingi hupona ndani ya wiki mbili au tatu, hadi dripu inayofuata. Fluorourasili na methotreksati ni miongoni mwa dawa zinazojulikana zaidi kwa kuleta tatizo hili.

Mionzi ina tabia tofauti: hudhuru pale inapopita tu. Katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwenye eneo la hospitali iliyojengwa na Wajerumani miaka ya 1890, wagonjwa wengi ni wanawake wenye saratani ya shingo ya kizazi. Mionzi yao huelekezwa kwenye nyonga, na tezi za mate haziguswi. Mama wa namna hiyo akisikia ladha ya chuma mdomoni au akitapika kila akinusa chakula, sababu huwa ni sisplatini, dawa ambayo mara nyingi huambatana na mionzi hiyo. Mwenye saratani ya ulimi, ya koo au ya nyuma ya pua yuko kwenye hali nyingine kabisa. Yeye hupigwa mionzi mara 30 hadi 35, siku tano kwa wiki, kwa wiki sita au saba. Mate huanza kupungua katika wiki ya kwanza, vidonda huja wiki ya pili au ya tatu, na mate hayo huenda yasirudi tena kama yalivyokuwa.

Mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Watu huyadharau mpaka yakauke. Mate huosha mabaki ya chakula, hupunguza makali ya asidi inayotengenezwa na bakteria wanaokula sukari, na hurudisha kwenye jino madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyochukuliwa. Yakikosekana, meno yaliyodumu miaka 40 bila tundu yanaweza kuoza katika miezi michache, tena kuanzia shingoni mwa jino, karibu na fizi, mahali ambapo kwa kawaida halikuwa likioza.

Hapa pana mvutano ambao familia nyingi huachiwa wautatue wenyewe. Wahudumu wa lishe wanasisitiza mgonjwa asipungue uzito, na wana haki: anayekonda sana huvumilia matibabu kwa taabu, na wengine hulazimika kuyasitisha katikati. Nyumbani, njia ya mkato ya kuongeza nguvu ni sukari. Chai ya vijiko vinne, soda, juisi, glukosi kila saa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50. Chupa moja ya soda ya nusu lita hukaribia kuimaliza yote. Na kwa mdomo mkavu, kiasi si tatizo pekee. Kinachoharibu zaidi ni kunywa funda funda kutwa nzima, kwa sababu kila funda huamsha asidi upya.

Nguvu inaweza kutoka kwingine. Mafuta yana nishati zaidi ya mara mbili ya sukari kwa kila gramu, na bakteria wa meno hawana shughuli nayo. Jiko la Afrika Mashariki halina uhaba wake: karanga za kusaga, parachichi, tui la nazi, samli, kiini cha yai, maziwa yasiyotolewa mafuta. Uji wa ulezi uliochujwa kwa chekeche, ukatiwa vijiko viwili vya karanga zilizosagwa laini na yai lililopigwa, kisha ukaachwa uchemke mpaka yai liive sawasawa, ni chakula kamili cha mtu asiyeweza kutafuna. Limau na ukwaju, ambavyo wengi hawawezi kunywa uji bila hivyo, viwekwe kando kwa sasa. Uji unywewe ukiwa vuguvugu. Yai bichi na maziwa yasiyochemshwa ni hatari kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka.

Kwa kweli vyakula vya kienyeji vina majibu ambayo vipeperushi vingi vya kutafsiriwa havina. Mtori wa Wachaga, ndizi na nyama vilivyopondwa vikawa kitu kimoja, unamfaa mwenye vidonda kuliko mkate wowote, mradi pilipili isitiwe. Bokoboko la Pwani, ngano na nyama vilivyochemka hadi vikavurugika, nalo linapita bila kusumbua. Ugali laini kwa mlenda au bamia ni msaada mkubwa kwa mdomo mkavu, maana utelezi wa mboga hufanya kazi ya mate yaliyokosekana. Papai bivu, viazi lishe vya rangi ya chungwa vilivyopondwa kwa maziwa, maharage yaliyopitishwa kwenye chekeche: vyote vinamezeka. Dagaa huliwa pamoja na mifupa yao, ndiyo maana wana kalsiamu nyingi, lakini waliokaushwa mchangani waoshwe mara kadhaa kabla ya kukaushwa tena na kusagwa, vinginevyo kila kijiko kitakuwa msasa.

Vinavyokwepwa ni vikali, vikavu na vya moto sana. Bisi, kashata, mihogo ya kukaanga, samaki mwenye miiba, mchuzi wenye pilipili, achari. Chai iletwe ikiwa imepoa.

Mgeni akiuliza alete nini, aambiwe bila haya: trei ya mayai, maparachichi, papai, karanga za kusaga.

Asali huulizwa katika karibu kila nyumba. Yapo majaribio ya kitabibu yaliyoonyesha kwamba inapunguza ukali wa vidonda vya mionzi, na mengine hayakuona tofauti kubwa. Ni sukari inayonata, kwa hiyo anayeitumia asukutue kwa maji baadaye, na mwenye kinga iliyoshuka amuulize daktari wake kwanza.

Usafi wa kinywa hauachwi kwa sababu ya maumivu. Mswaki uwe laini, na ukiloweshwa kwenye maji ya uvuguvugu hulainika zaidi. Dawa ya meno iwe na floraidi. Ile yenye mnanaa mkali ikichoma, ya watoto isiyo kali inafaa. Mswaki wa mti umesafisha meno ya mwambao na bara kwa karne nyingi na hauna ubaya wake, ila nyuzi zake huchoma fizi zilizochubuka, basi upumzishwe wiki za vidonda. Aliyetapika asipige mswaki papo hapo, kwa sababu asidi ya tumboni imelainisha tabaka la juu la jino. Asukutue kwanza, angoje kama nusu saa. Meno bandia yavuliwe usiku, na yasivaliwe kabisa yakigusa kidonda.

Dawa bora ya kusukutua huchanganywa nyumbani. Nusu kijiko cha chai cha chumvi na nusu kijiko cha beking soda hutiwa katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Mgonjwa husukutua na kutema, kila baada ya saa mbili hadi nne akiwa macho. Maji hayo hutengenezwa mapya kila siku. Hapa pana kosa la kuepuka: beking soda si magadi. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande, yale ya mawe yanayotoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, ni makali zaidi kwa utando wa mdomo, na baadhi yana floraidi nyingi mno, ile ile inayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto wa Arusha na Kilimanjaro. Beking pauda nayo si mbadala, kwa kuwa imechanganywa na asidi. Dawa za dukani zenye pombe huchoma na kukausha.

Anayepewa fluorourasili ya kusukumwa kwa sindano anaweza kumuuliza muuguzi kuhusu barafu. Kumung'unya vipande vya barafu kuanzia dakika tano kabla ya sindano, kwa muda wa nusu saa, hubana mishipa midogo ya damu mdomoni, na dawa kidogo tu ndiyo hufika kwenye utando. Ni bei ya barafu ya mtaani, ila itengenezwe kwa maji salama. Wanaopewa oksaliplatini wao wasiguse barafu, maana dawa hiyo huwafanya baridi iwaumize kooni.

Utando mweupe unaofanana na maziwa yaliyoganda, wenye kuchomachoma, kwa kawaida ni fangasi. Hausuguliwi kwa kitambaa. Hutibiwa kwa dawa kama nistatini. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtu aliyepata tibakemikali ni jambo la kwenda hospitali usiku uleule. Kumpa kidonge cha homa na kungoja kupambazuke kunaweza kugharimu maisha, kwa sababu vidonda vya mdomo ni mlango wa bakteria kuingia kwenye damu wakati chembe nyeupe zimepungua. Fizi zikitoka damu zisikome, au asiweze kumeza hata maji, pia asingoje tarehe ya kliniki.

Kuna wakati kinywa ndicho kinachotoa habari ya kwanza. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya za juu na chini, kushoto na kulia. Mwaka uliofuata aliandika kuhusu ugonjwa huo, saratani ya tezi za limfu ambayo sasa ina jina lake, na ambayo huwapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza mwaka 1967 kwa kuwatibu watoto hao. Mara nyingi dalili ya mwanzo ni meno kulegea, na mzazi hudhani mtoto anabadili meno. Lakini meno ya mbele ndiyo hung'oka katika miaka 6 au 7. Magego ya utoto hungoja mpaka miaka 9 hadi 12. Gego linalotikisika kwa mtoto wa miaka mitano, na taya linalovimba haraka, si kazi ya fundi wa kung'oa meno. Ni rufaa ya haraka, na ugonjwa huu huitikia tibakemikali vizuri ukiwahiwa.

Kwa watu wazima, kidonda cha ulimi au shavu kisichopona kwa zaidi ya wiki mbili kinahitaji kuangaliwa, hasa kwa mvutaji, mlaji wa ugoro au mtafunaji wa tambuu. Popoo iliyomo ndani ya tambuu iliwekwa mwaka 2004 katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, hata bila tumbaku.

Hatua inayorukwa kuliko zote huja kabla ya yote haya: kumwona daktari wa meno kabla ya mionzi ya kichwa na shingo kuanza. Inaeleweka. Familia imeuza mbuzi, imesafiri usiku kucha, inataka mionzi ianze kesho. Lakini jino bovu likiachwa, litaleta shida wakati mbaya kabisa. Mionzi hupunguza damu inayofika kwenye mfupa wa taya, na jino likija kung'olewa baadaye, shimo lake linaweza kukataa kufunga na mfupa ukaanza kufa. Hivyo meno yasiyookoka hung'olewa angalau wiki mbili kabla ya mionzi ya kwanza ili vidonda vifunge. Tahadhari hiyo hiyo inawahusu wanaopewa sindano za kuimarisha mifupa, kama asidi ya zoledroniki, kwa saratani iliyoingia mifupani.

Wakati wa mionzi na miezi ya baadaye, misuli ya taya hukakamaa. Mtu mzima kwa kawaida hupitisha vidole vyake vitatu, vilivyopangwa wima, kati ya meno ya juu na ya chini. Vikianza kushindikana, aambie kliniki mapema na afanye mazoezi ya kufungua mdomo polepole mara kadhaa kwa siku, kwa sababu taya lililokwisha kukaza ni vigumu kulilegeza. Mate yakibaki machache, floraidi ya kila siku inayoelekezwa na daktari wa meno huwa ya kudumu, pamoja na chupa ya maji ya kubeba kila mahali. Na mgonjwa aliyepigwa mionzi ya shingo, hata ikiwa ni miaka 10 imepita na amehamia mkoa mwingine, humweleza jambo hilo daktari wa meno kabla ya ganzi, na humwonyesha kadi yake ya matibabu kama bado anayo.